Mwizi wa Tangazo

Kwa wewe unayenikuta leo katikati ya mkasa huu, nikupe kwa pumzi moja. Mimi ni Arlys Tollefson, mjane, mkazi wa mji mdogo wa Minnesota ambako nusu ya watu wanakula kwa kiwanda kimoja tu, kiwanda cha Ostrem. Tunatengeneza vitaa vya leza vya kufunga kwenye bunduki, vile vinavyotupa nukta nyekundu mahali risasi itakapoingia. Kazi yangu iko chumba cha majaribio.

Jioni moja ya Januari, theluji inamwagika, mwanamume aliingia jikoni kwangu bila hodi. Nilichomoa bastola ya marehemu mume wangu, nikamwekea nukta kifuani. Akageuka, akatimua mbio nje. Hakukamatwa. Kesho yake Curt Ostrem, bosi wetu, akanikumbatia mbele ya kiwanda kizima, akaniita shujaa, akasema nitakuwa sura ya kampuni na mwisho wa baridi nitapelekwa kwenye maonyesho ya silaha Las Vegas.

Na mimi nikafurahi. Siwafichi. Nililala usingizi mtamu.

Sasa sikieni uchafu uliofuata.

Jumanne niliitwa bohari. Nikaingia, nikasimama kama nimepigwa na butwaa. Jiko langu lilikuwa mbele yangu. Meza ileile, pazia zilezile za njano, hata kile kisahani cha jogoo ninachokitundika ukutani.

"Pazia hizi mmezitoa wapi?" nikauliza.

"Tulinunua zinazofanana," akasema mpiga picha, jamaa mmoja kutoka Minneapolis mwenye nywele za kufunga nyuma. "Tulipita kwako tukapiga picha dirishani."

"Mlipiga picha dirishani kwangu? Lini?"

"Ulikuwa kazini. Usijali."

Niwaze basi. Mtu aliyeingia kwangu bila ruhusa ni mwizi. Waliochungulia dirishani kwangu na kamera ni wageni wa kampuni.

Curt akaja huku anasugua mikono. "Umependeza! Sasa subiri umwone mwizi wako."

Mwizi akatokea nyuma ya turubai. Koti jeusi la kofia, glavu nyeusi, kisu mkononi. Akashusha kofia.

Alikuwa Abdirashid. Yule Msomali wa idara ya kufunga maboksi, anayekaa meza moja nami wakati wa chakula cha mchana na kunicheka kwa jinsi ninavyokula viazi kila siku.

"Abdirashid! Unafanya nini hapa?"

"Nakuibia, mama," akasema. Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

"Na wewe umekubali?"

"Msimamizi hakuniuliza kama nakubali. Aliniuliza saizi ya koti."

Nikamvuta Curt pembeni.

"Curt, mtu aliyekuja kwangu alikuwa mweupe, kama mimi na wewe. Mzee. Ndevu mpaka hapa. Amevaa sweta ya Kinorwe, ile ya vishikizo vya chuma. Na hakuwa na kisu."

Nilipotaja sweta, uso wa Curt ulicheza kidogo. Niliona, nikapuuza.

"Ulimwona kwa kufumba na kufumbua," akasema. "Na kiza kilishaingia."

"Taa ya jiko ilikuwa inawaka."

"Arlys, tumia akili. Hakuna mtu atakayetoa pesa yake kununua leza kwa kumwogopa babu mwenye sweta. Mtu ananunua kwa sababu ya yule anayemwona kwenye ndoto mbaya."

"Wanamwota Abdirashid? Mtu anafunga maboksi!"

"Mimi siwaulizi wanaota nini. Mimi nawauzia."

Basi tukaanza. Bastola haikuwa na risasi lakini leza ilikuwa hai. Nikainyanyua, nukta ikatua kifuani kwa mtu ambaye jana yake aliniletea sambusa.

"Kata! Arlys, tetemeka kidogo. Abdi, mwangalie kama unamtaka."

"Kama namtaka nini?" akauliza Abdirashid.

"Wewe mwangalie tu. Onyesha meno."

Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara nukta ile inamtambaa kifuani, na kila mara yeye ananyanyua mikono juu taratibu, kwa namna ya mtu aliyewahi kuinyanyua kweli mahali fulani. Mpiga picha akapiga makofi. "Safi sana! Huwezi kumfundisha mtu hivyo!"

Nikaenda chooni nikanawa mikono, nikainawa tena, bado nikaiona michafu.

Tangazo likatoka wikiendi. Televisheni, simu, bango kubwa kando ya barabara kuu: mimi, bastola, nukta, na kivuli cheusi chenye meno.

Jumapili kanisani wanawake walinizonga kwenye meza ya kahawa kama nimetoka vitani.

"Arlys wewe! Mume wangu kakuagizia salamu! Lakini yule mtu, jamani, anatisha!"

"Yule ni Abdirashid. Anafunga maboksi kiwandani."

"Ndiyo, lakini anatisha."

Nikakitazama kipande cha keki mkononi mwangu, nikakirudisha kwenye sinia.

Hapo mkono mkavu ukanishika kifundo cha mkono. Alikuwa Bi Ardis, mama yake Curt. Mumewe, mzee Verlyn Ostrem, ndiye aliyeanzisha kiwanda. Kwa miaka sasa tulikuwa tukiambiwa yuko Arizona kwa ajili ya kifua chake, anaota jua. Picha yake ingali mlangoni kiwandani: mnene, kidevu kimenyolewa kikang'aa.

"Njoo nyumbani," Bi Ardis akasema. "Sasa hivi. Curt amewapeleka watoto kwenye mchezo wa magongo ya barafu."

"Kuna nini, Bi Ardis?"

"Usiniulize mbele ya keki."

Nyumba ya akina Ostrem ni kubwa, lakini siku ile ilinuka dawa na mkojo. Nikaona jambo la ajabu. Kila kijitaa chekundu mle ndani kilikuwa kimebandikwa utepe mweusi. Kwenye televisheni, kwenye birika la kahawa, hata kwenye king'ora cha moshi juu ya dari.

"Hizi tepe ni za nini?"

"Panda ngazi. Utaelewa."

Chumbani juu, kwenye kiti kando ya dirisha, alikaa mzee mmoja amekwisha, ndevu mpaka kifuani, mguu mmoja umefungwa bendeji. Mikono yake ilivishwa glavu nene za sufu, ndani ya nyumba yenye joto.

Amevaa sweta ya Kinorwe. Vishikizo vya chuma.

Alikuwa yeye.

"Verlyn," Bi Ardis akamwita. "Una mgeni."

Mzee akanitazama kwa macho ya mtoto. "Mama amerudi?"

"Bado."

"Nilikwenda kula. Nikamkuta mwanamke. Akaniwekea mdudu hapa." Akaanza kujipangusa kifua kwa ile glavu. "Mtoe. Haondoki huyu. Mtoe!"

Bi Ardis akapiga magoti, akamfungua vishikizo viwili ili anionyeshe. Ngozi ya pale kifuani ilikuwa imechubuka mpaka nyama, kidonda kina maji.

"Ndiyo maana ya glavu, na zile tepe," akasema. "Anamkwangua huyo mdudu mpaka damu itoke. Akili imemwacha, huu ni mwaka wa nne. Hakuna cha Arizona. Curt ametukataza tusiseme. Anasema nani atanunua silaha kwa kampuni ambayo mwenyewe hajui hata jina lake."

"Lakini kwa nini alikuja kwangu?"

"Nyumba yako, Arlys, ndimo alimozaliwa. Alikuwa anakwenda kwa mama yake kula chakula cha jioni."

Bi Ardis akaendelea, sauti yake kavu kama mikono yake.

"Alitoroka na ndala za ndani. Wamemkata vidole vitatu vya mguu, baridi iliviua. Alirudishwa hapa miguu imekuwa kama kuni."

"Nani alimrudisha?"

"Nilikuwa bafuni nafungulia maji ya moto. Nilisikia gari tu. Curt hataki kunitajia."

"Na Curt anajua kuwa ni kwangu alikoingia?"

"Tangu jioni ileile, mwanangu. Alipokukumbatia mbele ya watu, alikuwa ametoka kumbadilisha baba yake bendeji."

Nilitoka nje, nikashika mti wa uani, nikatapika kahawa ya kanisani kwenye theluji.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa Curt bila kubisha. Alikuwa anakula soseji na jibini kwenye karatasi, mafuta yanamng'aa mpaka kwenye kidevu.

"Nimemwona baba yako."

Hakushtuka. Alilamba kidole kimoja, akahamia cha pili.

"Mama hawezi kukaa na jambo," akasema. "Kaa. Karibu soseji."

"Sitaki soseji yako! Curt, baba yako anajichimba nyama ya kifua! Na wewe umenifanyia bango barabarani!"

"Baba hajui hata leo ni siku gani. Bango linamdhuru nini?"

"Umekatwa vidole wewe?"

"Punguza sauti." Akajifuta mdomo. "Tuulizane taratibu. Nani alimkimbiza kwenye theluji? Mimi? Mimi nilikuwa hapa kazini. Ni nani alimnyooshea bastola mzee mgonjwa aliyekuja kumtafuta mama yake?"

Maneno yalinichoma kwa sababu hayakuwa ya uongo.

"Sikujua," nikasema.

"Mimi nakuelewa. Lakini mji utakuelewa? Nenda kawaambie. Nitakushikia kipaza sauti mimi mwenyewe. Waambie shujaa wa Ostrem alimlenga Verlyn Ostrem. Halafu tufunge kiwanda, wale akina mama wa kanisani wakashindie njaa, wakushukuru."

"Yeye ndiye aliyeitengeneza ile leza, Curt. Kwa mikono yake, kwenye gereji yenu."

"Na inafanya kazi, si umeona?"

Akacheka. Wallahi, akacheka. Kipande cha jibini kilikuwa kimemganda kwenye jino.

Simu ikalia. Akaipokea, akasikiliza, nikaona tabasamu likimpanda polepole mpaka masikioni. Akakata.

"Wamemkamata," akasema.

"Nani?"

"Mwizi wako. Jirani yako, yule bibi Norma wa ng'ambo ya barabara, ameona tangazo, akapiga simu polisi. Amemtambua. Anaapa ndiye aliyemwona akikimbia kutoka kwako jioni ile."

"Amemtambua... Abdirashid?"

"Ndiyo huyo."

"Curt! Ulimvisha wewe! Ulilinunua wewe koti lile!"

"Mimi sikumtuma Norma." Alishanyanyuka, ananishikia koti langu nivae, kama muungwana. "Gaylen anakusubiri kituoni. Anataka umwangalie tu, useme ndiyo. Nikupe lifti?"

Nikaendesha gari langu mwenyewe. Njia nzima nilijipa moyo kwa jina moja tu: Gaylen Hauge. Mkuu wa polisi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, walivua samaki pamoja kwenye barafu, alibeba jeneza lake. Gaylen si mtu wa Curt, nikajiambia. Nikimweleza Gaylen, basi yamekwisha.

Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha ofisini kwake, akanimiminia kahawa. Chumba kile kilikuwa na milango miwili, na kando ya mmoja kioo kipana. Nyuma ya kioo alikaa Abdirashid na aproni yake ya kazini, kipande cha utepe wa maboksi bado kimemnata kwenye mkono wa shati. Walimtoa kwenye zamu.

"Yeye hakuoni," Gaylen akasema. "Mwangalie vizuri, usiwe na haraka. Ni yeye?"

"Si yeye."

"Arlys."

"Si yeye, Gaylen! Yule alicheza kwenye tangazo, kwa hiyo Norma kaona sura kwenye televisheni, akaibandika kwenye kiza cha Januari. Hata mtoto anaelewa."

"Mtu anaweza kucheza kwenye tangazo na bado akawa mwizi."

"Mwizi hayupo!" Nikashusha pumzi. Nikalitoa neno. "Alikuwa Verlyn Ostrem. Hayuko Arizona. Amelala juu kwao, akili zimemtoka, vidole amekatwa. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilimtazama nikingoja ashangae. Gaylen akainuka, akaufunga mlango wa nje taratibu, akarudi kukaa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilimwokota mimi. Alikuwa katikati ya barabara anamlilia mama yake, ndala moja imepotea. Nikamfunika blanketi, nikampeleka kwao. Curt akaniomba nisiliandike. Nikaona ni aibu ya familia, nikakubali. Nani asingekubali?"

Nikaweka kikombe mezani. "Basi mwachie huyu kijana. Sasa hivi."

"Sikiliza kwanza. Jana ningeweza. Leo Norma ameshatoa maelezo. Televisheni za Minneapolis zinapiga simu tangu asubuhi, tangazo limekwenda nchi nzima, wanauliza mwizi kakamatwa au la. Nikisema hapakuwa na mwizi, Curt ni mwongo, mimi nilificha, na wewe ulimnyooshea bastola mgonjwa. Na Norma, kwa umri ule, ataitwa mzushi." Akasogeza kopo la sukari. "Nimeongea na mwendesha mashtaka. Kijana atakubali mahakamani kuwa aliingia nyumba ya mtu bila ruhusa, basi. Hakuiba, hakumgusa mtu. Kosa dogo. Atarudi kazini kwake. Mzee atabaki na heshima yake, wewe utakwenda Las Vegas. Nani ameumia hapo?"

Aliuliza hivyo huku ananitilia sukari. Kijiko kimoja, akakoroga, akanisogezea. Nilivitazama vidole vile vilivyobeba jeneza la mume wangu, nikataka kuvitemea mate.

"Kunywa, itapoa."

Nikasimama. Gaylen alidhani natoka nje, akaanza kunyanyuka anifungulie. Mimi nikaushika ule mlango wa pili, nikaingia alipokaa Abdirashid.

Akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mama, rudi."

"Sirudi. Wamenileta niseme ni wewe. Sitasema. Nakwenda kuwaambia wote, televisheni, kanisani, kiwandani, wote. Najua ni nani aliyekuja kwangu."

"Usiseme kitu."

"Abdirashid, si wewe!"

"Unafikiri mimi sijui kuwa si mimi?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mke wangu na binti yangu wanatua Minneapolis Alhamisi. Tumesubiri karatasi zile za uhamiaji tangu mtoto hajaota meno, sasa anasoma. Huyo mkuu wa polisi alikuja hapa na simu mkononi. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia tu kuna ofisi anaweza kuipigia, akaniuliza kama napenda aipigie."

"Gaylen alisema hivyo?"

"Kwa upole sana. Akanipa na soda."

Nikatafuta kiti, hakikuwepo. Nikaegemea ukuta.

"Umewajibu nini?"

"Nimekubali. Nimewaambia ni mimi, wameinasa sauti yangu kwenye mashine yao." Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona amenikasirikia mimi, si wao. "Ukitoka hapo nje leo ukasema si mimi, mama, basi mimi ndiye niliyewadanganya polisi. Hilo halitaitwa dogo. Na Alhamisi mke wangu atashuka kwenye ndege atafute sura yangu pale uwanjani asiione."

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Gaylen aliingia na kikombe changu mkononi, na nyuma ya bega lake nikamwona Curt, amevua kofia, theluji inamdondoka kwenye mabega. Alikuwa na yule mpiga picha wa Minneapolis, na kamera ilikuwa tayari inawaka.

"Haya, Arlys," Gaylen akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kiofisi. "Tuanze upya, kwa sauti, wasikie wote. Mtu aliyeingia jikoni kwako. Ni huyu, au si huyu?"